Kuandika Fedha kwa Uadilifu: Somo la Kompyuta kwa Wanafunzi wa Madrasa



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wapenzi, pamoja na wazazi wetu, somo letu la mwaka huu linahusu jambo linaloonekana dogo: namna programu ya kompyuta inavyopaswa kuandika kiasi cha fedha. Huenda wako watakaouliza, hili limeingiaje katika jarida la madrasa? Jibu ni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, yaani aya ya 282 ya Suratul Baqara, si ya sala wala ya saumu. Ni ya deni na kuandikiana. Ndani yake Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha tuandike deni, mwandishi aandike kwa uadilifu, kisipunguzwe chochote, na tusichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa.

Zamani mwandishi alikuwa mtu mwenye kalamu na karatasi. Leo mara nyingi mwandishi ni mashine: simu inayoleta ujumbe wa pesa, kompyuta ya dukani inayotoa risiti, au ile inayoorodhesha kilo za kakao za mkulima na malipo yake. Lakini mashine haitaulizwa siku ya hesabu. Atakayeulizwa ni yule aliyeiandikia maelekezo. Na baadhi ya watakaoandika programu hizo, inshaallah, ni nyinyi mnaosoma ukurasa huu.

1. THAMANI NI MOJA, SURA NI NYINGI

Jambo la kwanza kulifahamu ni kutenganisha vitu viwili: thamani na sura yake. Mkulima wa mpunga hapa Bondeni akiuza magunia yake kwa milioni moja na laki mbili na nusu, thamani hiyo ni moja tu. Lakini sura zake ni nyingi: 1250000, au 1,250,000, au Sh 1,250,000/=, au TZS 1,250,000.00.

Ndani ya kompyuta, thamani huhifadhiwa kama namba tupu, bila koma, bila "Sh" na bila "/=". Mapambo hayo huwekwa mwishoni kabisa, wakati namba inapotokea kwenye skrini au kwenye karatasi ili mtu aisome. Mwenye kuhifadhi mapambo pamoja na namba huharibu vyote viwili. Kwa mfano, ziko faili za maandishi ambazo koma ndiyo inayotenganisha safu moja na nyingine. Ukiingiza humo 1,500 bila kuifunga kwa alama za nukuu, kompyuta itaona safu mbili: moja ina 1 na nyingine ina 500. Shilingi elfu moja na mia tano imegeuka shilingi moja, na hakuna aliyeiba.

Hata ile alama yetu ya "/=" ina historia. Waingereza waliandika shilingi na peni kwa kuzitenganisha kwa mkwaju, na pasipokuwa na peni waliweka kistari. Desturi hiyo ilibaki kwetu hata baada ya shilingi ya Afrika Mashariki, yenye senti 100, kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, na baada ya shilingi ya Tanzania kuanza mwaka 1966. Kabla ya hapo, katika utawala wa Wajerumani, watu walitumia rupia iliyogawanywa kwa pesa 64, hadi mwaka 1904 ilipoanza kugawanywa kwa heller 100. Kwa hiyo mgawanyo wa fedha si jambo la kudumu. Hubadilika, na mwandishi wa programu asidhani kwamba kila sarafu imefuata desturi ya kwao.

2. KOMA NA NUKTA: ALAMA MBILI, MAANA MBILI

Sisi Tanzania, kama Kenya na Uganda, tunatenganisha maelfu kwa koma na senti kwa nukta: 15,000.00. Nchi zilizofuata desturi ya Kifaransa au Kireno huandika desimali kwa koma. Hivyo katika mpangilio wa Kiswahili cha Kongo, kiasi hichohicho huandikwa 15.000,00. Anayevuka ziwa kwenda Msumbiji naye atakutana na koma iliyokaa mahali ambapo sisi tunaweka nukta.

Kosa hapa si la kuchekesha. Andiko "1.500" kwa mmoja ni elfu moja na mia tano, na kwa mwingine ni moja na nusu. Ndugu zetu walioko Oman wanalijua vizuri, kwa sababu riyali ya Oman ina baisa 1000, na huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Risiti ya Muscat yenye 25.500 maana yake ni riyali 25 na baisa 500. Mtu wa huku asiyejua anaweza kuisoma elfu ishirini na tano na mia tano, akamdhania nduguye amefuja mali.

Kwa upande wa tarakimu baada ya nukta, viwango vya kimataifa vinaipa shilingi ya Tanzania na ya Kenya tarakimu mbili, riyali ya Oman na dinari ya Kuwait tatu, na shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda hazipewi hata moja. Ndiyo maana programu haipaswi kubeba kanuni moja kwa sarafu zote.

Hapa kwetu senti hazionekani tena sokoni, ingawa vitabu bado vinazitambua. Baadhi ya programu huandika Sh 15,000.00 na nyingine Sh 15,000. Ipi bora? Tuwafikirie wanaosoma. Bibi mwenye simu ndogo na macho yaliyochoka huenda asiione nukta ile. Ataona 1500000, na atadhani ametumiwa milioni moja na nusu. Mahali ambapo senti hazina kazi, kuziacha ni kumrahisishia msomaji. Lakini zikiachwa kwenye sura, zisifutwe kwenye thamani iliyohifadhiwa.

3. NAMBA BILA JINA LA SARAFU NI USHAHIDI NUSU

Wilaya yetu iko mpakani. Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi, na pale Kasumulu shilingi na kwacha hupokezana mikono kutwa nzima. Daftari linalosema "10,000" bila kutaja sarafu halina maana pale. Ni shilingi au kwacha? Ugomvi ukizuka baada ya mwezi mmoja, shahidi gani ataamua?

Hata neno "Sh" peke yake halitoshi, kwani Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia zote zina shilingi. Kwa ajili hiyo kuna alama za herufi tatu zinazotumika duniani kote, katika kiwango kiitwacho ISO 4217. Kwa kawaida herufi mbili za mwanzo ni za nchi na ya tatu ni ya sarafu: TZS ni shilingi ya Tanzania, KES ya Kenya, MWK ni kwacha ya Malawi, OMR ni riyali ya Oman na SAR ni riyali ya Saudia ambayo mahujaji wetu huitumia.

Tena kuna funzo kubwa kutoka kwa jirani zetu wa Zambia. Tarehe 1 Januari 2013 walifuta sifuri tatu katika fedha yao, kwacha 1000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Alama nayo ikabadilika kutoka ZMK hadi ZMW. Msumbiji walifanya vivyo hivyo mwaka 2006, MZM ikawa MZN. Sasa fikirieni deni lililoandikwa mwaka 2012 kwa neno "kwacha 50,000" tu. Baada ya mabadiliko lilitakiwa kusomwa kwacha 50. Programu iliyohifadhi namba pamoja na alama kamili ya sarafu ilijua la kufanya. Iliyohifadhi namba peke yake ilimdai mtu mara elfu moja.

Hivyo basi, kanuni yetu iwe hii: kiasi cha fedha ni vitu viwili visivyoachana, namba na sarafu yake. Kimoja kikikosekana, ushahidi haujatimia.

4. NAMNA YA KUWEKA KOMA, HATUA KWA HATUA

Lugha nyingi za programu zina zana tayari ya kuweka koma. Hata hivyo mwanafunzi anatakiwa aijue kazi yenyewe. Neno algorithimu, yaani hatua za kukokotoa, limetokana na jina la mwanachuoni wa Kiislamu, al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu chake cha al-jabr kina sehemu kubwa inayohusu wasia na mirathi. Basi nasi tufuate hatua.

Tuchukue namba 1005000.

Hatua ya kwanza: gawa 1005000 kwa 1000. Jibu ni 1005, baki ni 0. Andika baki hilo kwa tarakimu tatu: 000.

Hatua ya pili: gawa 1005 kwa 1000. Jibu ni 1, baki ni 5. Andika baki kwa tarakimu tatu, 005, uliweke mbele ya lile la kwanza pamoja na koma: 005,000.

Hatua ya tatu: 1 ni ndogo kuliko 1000, basi iandike ilivyo na uishie hapo: 1,005,000.

Siri iko katika maneno "kwa tarakimu tatu". Mwanafunzi akisahau kujaza sifuri, programu yake itaandika 1,5,0. Na ubaya wa kosa hili ni kujificha. Ukijaribu kwa 1,234,567 kila kitu kitakuwa sawa, kwa kuwa hakuna sifuri ya kupotea. Kwa hiyo jaribuni programu zenu kwa namba ngumu: 0, 5, 999, 1000, 1005000, na pia namba za deni zilizo chini ya sifuri. Kwa deni, ondoa kwanza alama ya kutoa, weka koma, kisha rudisha alama mwanzoni: -15,000. Wahasibu wengine huifunga kwa mabano: (15,000). Zote mbili zinafaa, ila chagua moja na uitumie mahali pote, na kamwe usiiache sura ya deni ifanane na sura ya akiba.

Angalieni pia upana. Nafasi ya risiti ikiwa ni ndogo, programu mbovu hukata tarakimu za mbele, na 1,250,000 ikatoka 250,000. Excel huonyesha alama za ##### namba isipotosha kwenye safu. Watu hulalamika, lakini hiyo ni adabu nzuri: bora kusema "sikuweza kuandika" kuliko kuandika uongo.

5. KUHIFADHI BILA KUPUNGUZA

Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kama sisi tunavyoshindwa kuandika theluthi moja kwa ukamilifu, tukaishia 0.3333, ndivyo kompyuta inavyoshindwa kuandika sehemu moja ya kumi. Mwambie Python ijumlishe 0.1 mara tatu, itakujibu 0.30000000000000004. Ni kosa dogo mno, lakini katika miamala maelfu kwa maelfu hujikusanya, na hesabu za jioni hazifungi.

Dawa yake ni kuhifadhi fedha kwa namba kamili za kipimo kidogo kabisa. Sh 1,500.00 ihifadhiwe kuwa senti 150000, na nukta irudishwe wakati wa kuonyesha tu.

Lakini hapo tena kuna mtego. Namba kamili ya biti 32 haivuki 2,147,483,647. Tukihesabu kwa senti, hiyo ni Sh 21,474,836.47 tu. Kwa anayetumia dola kiasi hicho kingekuwa kikubwa. Kwa shilingi yetu, ujenzi wa msikiti hukivuka mapema. Katika mifumo mingi, ikizidi hapo hata kwa senti moja, namba hugeuka kuwa chini ya sifuri, na mwenye akiba akaonekana mdaiwa. Tumieni namba za biti 64, ambazo zina nafasi ya kutosha.

6. ZAKA NA MIRATHI: HAPA NDIPO HAKI ZA WATU ZILIPO

Zaka. Tuseme mfanyabiashara ana Sh 7,340,000, imefikia nisabu na mwaka umepita. Zaka ni sehemu moja ya arubaini: 7,340,000 ÷ 40 = 183,500. Sasa programu yake, kwa ajili ya urembo, inaonyesha "milioni 7.3". Naye akachukua ile 7,300,000 akaigawa kwa 40, akapata 182,500. Shilingi 1,000 ya maskini imepotea kwa sababu ya sura iliyofupishwa. Kanuni: hesabu zote zifanywe kwa thamani iliyohifadhiwa, kamwe zisifanywe kwa namba iliyoonyeshwa.

Mirathi. Marehemu ameacha watoto wa kiume watatu na wa kike mmoja, wala hakuna mrithi mwingine. Baada ya mazishi, madeni na wasia, imebaki Sh 1,000,000. Mafungu ni saba: kila mwanamume mawili, mwanamke moja. Programu ikikata desimali, kila wa kiume atapata 285,714 na wa kike 142,857. Jumlisheni: 857,142 na 142,857 ni 999,999. Shilingi moja iko wapi? Tukishusha hadi sarafu ya shilingi 50, ili fedha igawike mkononi, watapata 285,700 na 142,850, jumla 999,950. Zimebaki 50.

Mtu atasema, shilingi 50 ni nini? Ni mali ya watu. Si ya aliyeandika programu, wala si ya anayegawa. Programu yenye uadilifu huandika mstari wa mwisho: "Salio lisilogawika: Sh 50", na warithi wenyewe wakaridhiana nani alichukue au litolewe sadaka. Suratul Mutaffifin inawaonya wenye kupunja katika vipimo, na anayepunja kwa kompyuta hana ruhusa ambayo mwenye mizani hana.

7. TARAKIMU ZA KIARABU NA MANENO

Nyinyi mnazijua tarakimu za msahafuni: ١ ٢ ٣ ٤ ٥. Ingawa maandishi ya Kiarabu huenda kulia kwenda kushoto, namba husomwa kushoto kwenda kulia: ١٥٠٠ ni 1500. Programu isiyojua hili huvuruga mpangilio wa namba na alama zake. Tena sifuri ya Kiarabu ni kama nukta: ٠. Ukitenganisha maelfu kwa nukta, ١.٥٠٠ inaweza kusomwa 10,500. Ndiyo maana kuna alama maalumu ya maelfu kwa tarakimu hizo, ٬.

Lugha yetu nayo ina utata wake. "Elfu kumi na tano" kwa kawaida ni 15,000, lakini mbishi anaweza kuisoma elfu kumi, na tano juu yake: 10,005. Kwa hiyo programu inayoandika hati iandike tarakimu na maneno pamoja, kama hundi za benki. Kwa 10,005 iandike "shilingi elfu kumi na shilingi tano", isiache mlango wa ugomvi.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, sura ya namba ni dirisha ambalo mtu asiye na kompyuta hulitumia kuiona haki yake. Mkulima wa kakao haoni yaliyomo ndani ya mashine, huona kikaratasi tu. Kikaratasi kikiwa wazi, chenye jina la sarafu, koma mahali pake na salio bila kufichwa, basi mwandishi ametimiza amana.

ZOEZI

1. Kwa kufuata hatua za sehemu ya 4, weka koma katika 20070000. Onyesha kila baki.

2. Ndugu yako ameleta risiti ya Oman yenye OMR 12.750. Ni riyali ngapi na baisa ngapi?

3. Tafuta zaka ya Sh 5,260,000 iliyotimiza masharti. Kisha itafute kwa "milioni 5.3". Tofauti ni kiasi gani, na imetoka wapi?

4. Watoto watatu wa kiume wamerithi Sh 500,000, na wanagawana hadi sarafu ya shilingi 50. Mstari wa salio uandikweje?

5. Muulize mzazi au mwenye duka aliye karibu nawe akuonyeshe risiti moja. Je, imetaja sarafu? Ungeirekebisha wapi?

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na atuepushe na kula mali za watu kwa batili. Amin. Wabillahi tawfiq.